Uji Tuliopandisha Menengai

Tulikuwa hatujafika hata kwenye geti la ploti yetu, asubuhi ya matembezi, binti yangu akasimama akaniambia nimngoje, amesahau kitu. Akarudi ndani mbio, akatoka amekumbatia themosi kubwa ya uji, ile ya buluu ambayo kifuniko chake kilipasuka zamani na sasa hufungwa kwa kipande cha nailoni. Nikamwambia airudishe. Nikamweleza kwamba tunapanda mlima, kwamba maji yatagawanywa njiani bure, na kwamba themosi ile ikijaa ina uzito wa mtoto mchanga. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Shosho alisema mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu," akasema, akimnukuu mama yangu.

"Haya, beba. Lakini ukichoka mimi sibebi."

Nilikuwa nimeiona sufuria imelowekwa jikoni alfajiri, nikadhani amejipikia uji wa kunywa kabla ya kutoka, akabakisha wa njiani. Mtoto wa miaka kumi akishajua kukoroga uji bila mabonge, mama humshukuru Mungu na kuacha maswali. Basi tukatoka hivyo: mimi mbele na hasira zangu ndogo za asubuhi, yeye na themosi yake, na kaka yake mdogo nyuma, tisheti ya matembezi ikimfika magotini.

Niseme wazi kwamba mimi si mtu wa matembezi. Nilizaliwa Molo, kwenye baridi ya viazi, na kwetu mtu akionekana anatembea barabarani lazima awe na sababu mgongoni: kuni, majani ya ng'ombe, gunia, mtoto. Mama yangu mpaka leo akimwona mtu anakimbia kando ya lami asubuhi na hakuna kinachomfukuza, huuliza kuna msiba wapi. Kwa hiyo kanisa letu lilipotangaza matembezi ya hisani, kutoka uwanja wa mjini hadi juu Menengai, ya kusaidia wodi ya watoto ya hospitali kubwa, nilichukua tisheti tatu nikiwa na nia ya kuzivaa nyumbani. Baba yao alikuwa kazini Naivasha. Jumamosi kwangu ni siku ya cherehani, siku ya sare za shule zinazongojewa na kina mama wasiojua kungoja. Ni binti yangu aliyeamua kwamba tutaenda. Aliposikia ni wodi gani, aliacha kula, akasema, "Lazima tuende," na akaendelea kula.

Wodi ile aliijua vizuri. Mwaka uliotangulia alilazwa pale wiki nyingi, maji yamejaa upande mmoja wa mapafu, akipumua kama mlango unaohitaji mafuta. Msimu ule watoto walikuwa wengi kuliko vitanda, na alipoingia alipewa nusu ya kitanda kilicho dirishani. Nusu ya pili ilikuwa na msichana wa rika lake kutoka Olenguruone, mwembamba, mwenye macho makubwa na midomo ya rangi ya buluu kidogo, kwa sababu moyo wake ulikuwa na tundu. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya pili binti yangu aligundua kwamba miguu ya mwenzake ni baridi kama bomba la asubuhi, akaichukua bila kuomba ruhusa, akaibana kwapani. Tangu hapo hawakuitana majina. Kila mmoja alikuwa "wa miguuni" wa mwenzake.

Mimi na mama yake tuligawana benchi mchana na sakafu usiku. Molo na Olenguruone si mbali, lakini kumewahi kuwa na miaka ambayo watu wa kwetu na watu wa kwao hawangepokezana hata maji ya kunywa. Hilo hatukulizungumzia. Alinipa nusu ya blanketi lake, nami nikampa nusu ya leso yangu, tukalala. Mama yangu alikuwa akitutumia uji wa kuchachushwa kutoka Molo, ndani ya themosi ileile ya buluu, na wasichana wakaunywa kwa kikombe kimoja, wakipimiana kwa macho ili mwingine asipunjwe. Yule wa Olenguruone alikuwa hapendi chakula chochote cha hospitali. Uji wa mama yangu aliumaliza mpaka akalamba kikombe, na mama yake akageuza uso dirishani ili nisione anavyofurahi.

Kisha alfajiri moja binti yangu akashindwa kupumua. Madaktari walikuja mbio, wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu, wakampeleka kuwekewa mpira ubavuni, na kutoka huko akalazwa wodi nyingine ya juu kabisa. Mwenzake alikuwa amelala. Mama yake alikuwa ameenda kuchota maji ya kuoga. Binti yangu alipopata nafuu nilishuka kuchukua beseni letu lililobaki chini ya kitanda cha dirishani, nikakuta kitanda kina watoto wengine wawili. Nikachukua beseni, nikatoka. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nimewahi kumsikia daktari akimwambia mama yule kwamba moyo wa mtoto hauwezi kungoja sana, na mimi nilikuwa nimetoka kushika mkono wa mtoto wangu usiku kucha. Sikuwa na nguvu ya kusikia jibu lolote. Namba ya simu ya mama yule sikuwa nayo, kwa maana mtu unayelala naye chini ya kitanda kimoja humuombi namba, unajua kesho yuko.

Nyumbani binti yangu alirudi na kovu ubavuni na tabia moja. Hulala upande wa juu wa kitanda, amekunja miguu hadi kifuani, nusu ya chini imebaki tupu, shuka limenyooka. Kitanda ni chake peke yake. Siku moja nilimwambia anyooshe miguu kama binadamu. Akasema, "Hiyo ni nafasi." Nikamfunika, nikazima taa. Alikuwa ameniuliza mara nyingi lini tutampelekea wa miguuni uji, kwa sababu alimwahidi, na mimi kila mara nilijibu tutaenda tu, aache kuuliza. Ahadi ni deni, nilijua. Nilijua pia kwamba mtu anaweza kufika na deni lake mkononi akakosa wa kumlipa.

Uwanjani tulikuta watu wengi wamevaa tisheti kama zetu, wanakwaya, wanafunzi wa sekondari, akina mama wenye miavuli, wazee wawili wenye bakora waliokuwa tayari wanabishana nani atafika mbele. Pikapu yenye spika ilitangulia ikipiga nyimbo za injili. Kijana mmoja wa kupanga watu, mwenye firimbi shingoni, akamwona binti yangu na mzigo wake.

"Niaje. Umebeba nini hapo, si nikushikie?"

"Uji," akasema binti yangu, na kuivuta themosi karibu zaidi.

"Uji kwa walk? Mathe, huyu ako serious."

"Wewe mwache tu," nikamwambia. "Mimi nimeshindwa naye tangu nyumbani."

Tukaingia barabara inayopanda kwenda Milimani. Kuna njia panda pale ambapo mkono mmoja unaelekea hospitali na mwingine unaendelea juu. Tulipofika, binti yangu akaunyoosha mwendo kuelekea hospitali, bila kufikiri, kama ng'ombe anavyojua njia ya birika. Nikamshika bega.

"Njia ni hii. Fuata watu."

Akatazama umati, akatazama ile njia nyingine, kisha akafuata. Nilidhani ni mazoea. Tulikuwa tumepita njia ile mara nyingi sana, yeye mgongoni mwangu akiwa ameshakuwa mkubwa wa kubebwa.

Kaka yake alikuwa na shida zake. Kila aliyekuwa akigawa maji alimpa chupa, na yeye alizimaliza zote kwa bidii ya mtu aliyeambiwa ni za bure, kwa hiyo tulisimama kwenye ua baada ya ua wa Milimani nikimkinga kwa mwavuli wa kuazima akikojoa. Baada ya hapo alianza habari ya uji.

"Nipee kidogo."

"Si yako," dada yake akamwambia.

"Ni ya nani?"

"Ya wa miguuni."

"Na mimi je?"

"Wewe si mgonjwa."

Akafikiri. Akaanza kukohoa. Nilicheka nikasahau kwamba nilikuwa nimekasirika.

Lakini nyumba zilipoisha, mlima ukaanza kusema ukweli. Vumbi jepesi lilipanda na miguu ya walio mbele, miti ya mikaratusi ikatoa harufu, na nyuma yetu mji ukawa unazama kidogo kidogo, mabati yanang'aa, na mbele ya mabati ziwa. Watu waliokuwa wakiimba wakawa wanahema. Mimi sikuwa nikisikiliza nyimbo wala spika. Nilikuwa nikisikiliza kifua cha binti yangu. Tangu alazwe, sikio langu moja huwa linakaa kwake, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa ninashona. Alikuwa anapumua kwa nguvu, lakini pumzi ilikuwa inaingia hadi chini na kutoka safi.

"Lete nikubebee," nikasema. Maneno ya asubuhi niliyameza.

"Wewe ulisema hubebi."

"Nimebadilisha."

"Nifunge mgongoni basi."

Nikatoa leso kiunoni, nikaikalisha themosi mgongoni mwake, nikaizungusha leso na kumfunga fundo kifuani, mahali ambapo halingegusa kovu. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nasi akamuuliza binti yangu mtoto huyo wa mgongoni ana umri gani. "Amezaliwa leo asubuhi," binti yangu akajibu, na wanawake wote waliosikia wakacheka, na mmoja akampigia makofi. Alipanda hivyo, ameinama mbele kidogo, kama akina shosho zake wote walivyopanda milima yao. Nilimwangalia kwa nyuma. Mtoto huyu mwaka jana alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi chooni. Nilimpenda wakati ule mpaka ikabidi nijifanye ninamfunga kaka yake kamba za viatu.

Tulifika juu mwishomwisho, na wale wazee wawili, ambao walikuwa wameacha kubishana kwa kukosa pumzi. Menengai ilikuwa pale chini yetu, shimo la volkano ambalo hata ukilijua tangu utotoni bado linakutisha kidogo, upana wote ule wa mawe meusi na vichaka, na upepo unaotoka chini kuja usoni. Watu walikuwa wakipigana picha. Mwenye spika akapanda juu ya pikapu, akashukuru kanisa hili na lile, akashukuru wafanyabiashara wa mjini, kisha akatangaza kwamba kilichopatikana kitanunua vitanda.

"Mtoto mmoja, kitanda kimoja," akasema.

"Mtoto mmoja, kitanda kimoja," watu wakaitikia, na makofi yakapigwa. Mimi nilipiga kwa nguvu. Nimelala chini ya kitanda cha watoto wawili na najua mguu wa mmoja unavyoweza kugonga kidonda cha mwingine.

Binti yangu hakupiga makofi. Alikuwa amesimama na mzigo mgongoni, anatazama umati, anatazama hema ndogo ya kugawia maji, anatazama nyuma ya pikapu. Akazunguka hema. Akarudi.

"Mama, wako wapi?"

"Nani?"

"Wagonjwa."

Sikumwelewa mara moja. Kaka yake ndiye aliyejibu. "Wako hospitali. Hata mimi najua."

Hapo nikaona kosa lote tangu mwanzo wake. Kwetu, watu wakivaa wakatoka pamoja kwa ajili ya wagonjwa, wanaenda kuwaona. Hakuna aina nyingine. Wanatembea kundi zima, na uji, na maziwa, na ndizi, na mwisho wa safari kuna kitanda, na kando ya kitanda wanasimama wanaomba, wanaondoka. Hiyo ndiyo safari ya mgonjwa aliyoijua yeye, na ndiyo aliyoijua mama yangu aliyemwambia kwenye simu asiende mikono mitupu. Hakuna aliyemweleza kwamba siku hizi watu wanaweza kutembea kwa ajili ya mgonjwa na kumpa mgongo. Alidhani tunazunguka kwanza, kama maandamano ya Jumapili ya Matawi, na mwisho tutafika wodini.

Akaketi juu ya jiwe.

"Kwa hivyo tumetembea yote hii kuja kuona shimo?"

Mzee mmoja wa wale wawili alisikia akacheka, kisha akamwona uso, akaacha.

Nilijaribu kumweleza habari ya vitanda. Nilimwambia kutembea kwetu kumesaidia, kwamba sasa kila mtoto atalala peke yake. Alinisikiliza vizuri, maana ni mtoto mwenye adabu.

"Na wa miguuni nani atamshikia miguu?"

Nikaketi naye kwenye jiwe. Upepo ulikuwa baridi, nikamvuta karibu. Akaniuliza, bila kunitazama, kama niliwahi kuwauliza masista wa wodi mwenzake yuko wapi. Nikamwambia sikuuliza.

"Kwa nini? Mwalimu husema kuuliza si ujinga."

"Niliogopa."

Hakuniuliza niliogopa nini. Nilimwona anajua, na niliona kwamba alikuwa amejua siku zote, kila alipokunja miguu kitandani. Watoto waliolazwa wodi ile walikuwa wameona vitanda vikifunikwa.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Lakini uji utapoa."

Akasimama.

Kulikuwa na lori lililoletwa kuteremsha wazee na watoto, bado lina majani ya kabichi sakafuni. Tukapanda. Kijana wangu alilala kabla ya kona ya kwanza. Tulipofika kwenye ile njia panda nikagonga bodi, dereva akasimama, tukashuka. Nikamfunga mtoto aliyelala mgongoni kwa leso, themosi ikarudi mikononi mwa dada yake, tukachukua njia aliyotaka kuichukua tangu asubuhi. Nilitembea polepole. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya mzigo wa mgongoni, lakini miguu ilikuwa inakataa yenyewe.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Soja wa mlango wa wodi, mtu mzima mwenye kofia iliyomzidi, akanyoosha mkono.

"Mathe, watoto hawaingii. Sheria."

"Huyu wa mgongoni amelala," nikasema.

"Wa mgongoni sihesabu. Huyu mkubwa."

"Mimi si mgeni," binti yangu akamwambia. "Mimi nililazwa hapa." Akashika themosi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akainua tisheti ubavuni, akamwonyesha kovu. "Hapa ndio waliweka mpira."

Soja akainama akalitazama kovu lile kwa makini, kama mtu anayesoma kitambulisho. Akanyooka. Akasoma maandishi ya tisheti yake, akasoma ya kwangu.

"Haya, pita. Lakini msikae."

Harufu ya wodi ilikuwa ileile, dawa na maziwa yaliyomwagika. Sista aliyekuwa mezani nilimkumbuka mara moja, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa akitufokea tukianika nguo dirishani. Yeye hakunikumbuka. Aliikumbuka themosi.

"Hiyo themosi naijua," akasema. Kisha macho yake yakapanda kutoka kwenye themosi hadi kwa aliyeishika, yakabaki pale, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Kumbe wewe uko?"

"Niko," binti yangu akasema.

Nilitaka kuuliza mimi, kabla mtoto hajauliza, ili jibu lipite kwangu kwanza. Nikasema, "Sista, yule mwenzake. Wa Olenguruone, wa moyo."

"Yuko. Walimpeleka Nairobi akapasuliwa. Yuko sawa, ameanza hata shule."

Nikakaa kwenye benchi, lile benchi letu, na mtoto mgongoni, nikalia. Sikulia vizuri, nililia kwa kelele, na mama wote wa wodi wakageuka kuona nani amefiwa. Sista akaja akaketi kando yangu. Akaongea kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Walikuja hapa kliniki, yeye na mama yake. Mtoto akasimama hapo mlangoni anaangalia hicho kitanda. Nikamuuliza unatafuta nani, akasema hatafuti mtu. Halafu mama yake akanivuta kando akaniuliza polepole, ule msichana wa uji, wazazi wake walimzika Molo ama wapi."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Wakati mlitolewa hapa mimi nilikuwa leave. Nilirudi nikapata kitanda iko na watu wengine. Nikamwambia sijui."

Nilimfikiria mama yule. Nilimwona anarudi na ndoo ya maji, anakuta nusu ya kitanda imenyooshwa shuka na beseni letu limebaki chini yake. Kwa muda wote ule nilikuwa nikimwombolezea mtoto wake kimyakimya, naye alikuwa akimwombolezea wangu, na kila mmoja akimficha mtoto wake asiulize.

Binti yangu alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameshafika kwenye kitanda cha dirishani. Kilikuwa na watoto wawili, mvulana na mwingine mdogo zaidi, vichwa huku na huku, wakimtazama. Akafungua nailoni ya themosi. Mvuke ukatoka.

"Muko na kikombe?" akawauliza. Mama wa mmoja akamletea. "Kikombe ni moja, kwa hivyo mnapimiana. Huyu anakunywa hadi hapa, halafu huyu."

Sista akatoa simu yake mfukoni. Mama yule alikuwa amemwachia namba, sista akasema, ili amjulishe kuhusu dawa za mtoto. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Ilikuwa siku ya soko Olenguruone, kwa maana tulisikia kondoo, na mtu akitangaza bei ya viazi, na katikati ya kelele ile sauti niliyokuwa nimelala nayo chini ya blanketi moja, ikisema haloo, haloo, nani.

"Ni sista wa wodi. Mtoto ako karibu? Mpatie simu."

"Kuna shida?"

"Hakuna shida, mama. Mpatie tu."

Sista akamnyooshea binti yangu simu. Akaishika kwa mikono miwili. Aliyekuwa amejibizana na kila mtu tangu asubuhi, kijana wa firimbi, wanawake wa mlimani, soja, sasa aliniangalia kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Wa miguuni."

Kondoo tu ndio waliosikika. Kisha mama yule akaita jina la Mungu kwa lugha yao, mara mbili, na nikasikia kitu kikianguka, labda kikapu. Sista akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Uko?" sauti ndogo ikauliza.

"Niko."

"Mama alisema nisiulize."

"Hata wangu." Akajipangusa pua kwa tisheti ya matembezi. "Nilikuwa nimekuletea uji, lakini inakunywewa na watu wa kitanda yetu. Nitakuletea ingine."

"Sawa."

"Miguu yako bado ni baridi?"

"Hapana. Walitengeneza. Siku hizi ni moto."

Binti yangu akafikiri kidogo juu ya hilo. Sikujua kama amefurahi au amenyang'anywa kitu.

"Lakini mimi hulala nimekunja tu," sauti ile ikasema. "Kitanda yote ni yangu lakini nakunja."

"Hata mimi," akasema binti yangu.